Rejista ya viungo bandia: fomu tunazijaza, lakini upasuaji unaboreka kwa njia gani?

Daktari Mdadisi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Mimi ni daktari wa upasuaji wa mifupa, na idara yetu imekuwa ikitunza rejista ya viungo bandia kwa miaka minne sasa. Kila nyonga au goti tunalolibadilisha huishia kwenye fomu ya kurasa mbili: umri na jinsia ya mgonjwa, uzito na urefu wake, sababu ya upasuaji, upande, njia tuliyopitia kukifikia kiungo, aina ya ganzi, kama tulitumia saruji ya mifupa au la, pamoja na lebo za vifaa vyote vilivyobaki mwilini. Karani huyaingiza hayo yote kwenye kompyuta, na kila mwisho wa mwaka tunaletewa taarifa yenye michoro ya kupendeza inayotueleza kwamba tulibadilisha nyonga kadhaa na magoti kadhaa, na kwamba wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Hayo tulikuwa tukiyajua kabla hata ya kuifungua.

Katika kikao cha mwezi uliopita, mwenzangu mmoja ambaye namheshimu sana kwa ufundi wake alisema bila kumung'unya maneno kwamba kazi hii ni mzigo tu, kwa kuwa daktari makini anawajua wagonjwa wake na anajua ni nani aliyepata shida. Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Sasa nimetakiwa kuandika pendekezo: rejista iendelee au isimame, na kama itaendelea, ibadilishwe vipi ili matokeo yake yafike mpaka kwenye meza ya upasuaji. Maswali yangu yanaingiliana. Rejista inaona nini ambacho daktari makini hakioni? Je, idadi ndogo kama yetu inatosha kulinganisha vifaa? Na je, matokeo ya kila daktari yaonyeshwe kwa jina, au jambo hilo litatufarakanisha?

Mkongwe wa Nyonga

Daktari, niruhusu nianze na huyo mwenzako, kwa sababu hoja yake niliishi nayo kwa zaidi ya nusu ya miaka yangu ya kazi. Daktari anawajua wagonjwa wanaorudi kwake. Mgonjwa ambaye nyonga yake imelegea baada ya miaka sita mara nyingi harudi kwa aliyemwekea: ama amehama, ama imani imemwisha, ama anaona haya kumlalamikia mtu aliyemtendea kwa wema. Huyo huenda kwa mwingine. Matokeo yake, kila mmoja wetu anarekebisha kazi ya wenzake na kila mmoja anajiona ndiye fundi. Hakuna anayedanganya; ni kwamba kila mtu anatazama kupitia tundu lake la ufunguo.

John Charnley, ambaye nyonga bandia za leo zimetokana na kazi yake katika hospitali ya Wrightington kule Uingereza, aliweza kugundua kosa lake mwenyewe kwa sababu wagonjwa wake walikuwa mikononi mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza kikombe cha nyonga kwa Teflon, nyenzo iliyoonekana kuteleza vizuri kuliko zote. Ndani ya miaka michache tu kikombe kilikuwa kimelika vibaya, na chembe zilizotokana na msuguano zilikuwa zikiitafuna mifupa ya wagonjwa. Alilazimika kuwafungua tena na kuvitoa, na mwaka 1962 akahamia kwenye polietilini, aina ya plastiki. Lakini Teflon ilifeli haraka na kwa kishindo, chini ya macho ya mtu mmoja aliyekuwa akifuatilia. Kifaa kinachofeli taratibu, kwa mgonjwa mmoja hapa na mwingine kule, hakuna daktari mmoja anayeweza kukitambua, hata awe makini namna gani.

Ndiyo maana Waswidi walianza rejista ya magoti mwaka 1975 na ya nyonga mwaka 1979, na Wanorwei wakafuata mwaka 1987. Wanorwei walipata faida yao mapema. Kulikuwa na saruji moja iliyoitwa Boneloc, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikiwa na sifa za kuvutia: haikutoa joto kali wakati wa kuganda na haikuachia kemikali nyingi. Kwenye maabara ilikuwa nzuri. Kwenye rejista, mashina (yaani sehemu ya nyonga bandia inayoingizwa ndani ya mfupa wa paja) yaliyoshikizwa kwa saruji hiyo yalikuwa yakilegea mapema kuliko yaliyoshikizwa kwa saruji za zamani, na mwaka 1995 iliondolewa sokoni. Hebu fikiria ingechukua miaka mingapi kulitambua hilo kwa mazungumzo ya madaktari kwenye mikutano.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa ASR, nyonga ya chuma juu ya chuma ya kampuni ya DePuy, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003. Rejista ya Australia iliitaja mwaka 2007 kuwa ina marudio mengi kuliko kawaida, yaani upasuaji wa kukitoa au kukibadilisha kifaa kilichokwisha kuwekwa. Ikaondolewa kwenye soko la Australia Desemba 2009, na Agosti 2010 ikarudishwa kiwandani duniani kote, baada ya takwimu za rejista ya Uingereza na Wales kuonyesha kwamba takriban 12% ya zile za kuvika kichwa cha mfupa na 13% ya nyonga kamili zilikuwa zimefanyiwa upasuaji wa marudio ndani ya miaka 5. Wakati huo watu wapatao 93,000 walikuwa wameshawekewa. Angalia hapo vizuri: rejista ilisema mwaka 2007, na hatua kamili ikaja mwaka 2010. Kuona ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine, na pendekezo lako lisipoeleza ni nani atakayelazimika kujibu pale takwimu zinaposema, basi mwenzako ana haki ya kuita kazi hii mzigo.

Mhesabu Pole

Nafanya kazi ya takwimu za tiba, si daktari, kwa hiyo nitabaki kwenye mstari wangu. Namuunga mkono Mzee Mkongwe, ila naomba niweke breki kidogo, kwa kuwa nimeona idara ikikiondoa kifaa kizuri kwa sababu ya hesabu mbaya.

Kwanza, kuhesabu marudio peke yake hakuna maana. Ukiniambia kwamba shina fulani limerudiwa mara 7, nitakuuliza: kati ya mangapi, na kwa muda gani? Wagonjwa wenu wa mwaka wa kwanza wamefuatiliwa miaka minne, wa mwezi uliopita wamefuatiliwa wiki nne. Huwezi kuwaweka kwenye kapu moja na kugawanya. Inatakiwa hesabu ya uhai wa kifaa, ile ya Kaplan na Meier, ambamo kila mgonjwa anachangia muda aliokaa na kiungo chake mpaka kirudiwe, au mpaka siku ya mwisho tuliyokuwa na habari zake. Hapo kwenye "siku ya mwisho tuliyokuwa na habari zake" ndipo rejista nyingi changa zinapojikwaa. Mgonjwa wa miaka 84 aliyefariki akiwa na nyonga nzima, msipojua kwamba amefariki, kompyuta itaendelea kumhesabu kuwa ni mtu anayetembea na nyonga isiyo na dosari hadi atimize miaka 120. Rejista isiyounganishwa na kumbukumbu za vifo hujisifu bure.

Pili, idadi. Tuseme mna nyonga 80 za aina moja, na kiwango halisi cha marudio kwa aina hiyo ni 5%, kipimo ambacho Waingereza wanakitumia kama ukomo kwa miaka 10. Mnatarajia marudio 4. Mkipata 7 mtashtuka, lakini bahati tupu peke yake ingewapa 7 au zaidi karibu mara 1 katika kila 10. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, Daktari: kwa kulinganisha vifaa, idara moja haitoshi, na ndiyo sababu rejista zenye nguvu ni za nchi nzima. Takwimu zenu zipelekwe kwenye chungu kikubwa, kisha ninyi mpokee kutoka huko matokeo yenu yakiwa yamewekwa kando ya ya wengine, kwenye chati yenye umbo la faneli inayoonyesha ni tofauti ipi ni bahati na ipi inastahili kuchunguzwa.

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi: marudio si sawa na kufeli. Chukua goti nusu, ambapo upande mmoja tu wa goti hubadilishwa, na goti kamili. Katika rejista zote, goti nusu hurudiwa zaidi. Mtu wa haraka atasema basi goti nusu ni baya. Lakini New Zealand walikuwa wakiwauliza wagonjwa maumivu na uwezo wao kwa hojaji ya Oxford yenye maswali 12, ambayo alama yake ya juu ni 48, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na hali mbaya kabisa, yaani alama chini ya 20, wenye goti nusu waliorudiwa walikuwa takriban 63%, ilhali wenye goti kamili walikuwa takriban 12% tu. Maumivu yaleyale, uamuzi tofauti. Goti nusu ni rahisi kuligeuza kuwa kamili, hivyo daktari hasiti. Goti kamili linalouma ni kazi nzito kulirudia, hivyo mgonjwa huambiwa avumilie. Rejista inayohesabu marudio peke yake inamwandika huyo anayevumilia kuwa ni mafanikio.

Nyonga Mbili

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wataalamu. Mimi ni mgonjwa, nyonga zote mbili si zangu, na kauli ya mwisho ya Ndugu Mhesabu imenigusa, kwa sababu nyonga yangu ya kushoto ni miongoni mwa hayo "mafanikio". Haijalegea, picha ni safi, hakuna wa kunifungua tena. Lakini siwezi kuulalia upande huo, na kuvaa soksi ya mguu wa kushoto ni shughuli inayohitaji kiti, ukuta na subira. Hakuna fomu iliyowahi kuniuliza kuhusu soksi.

Nina maswali mawili. La kwanza ni dogo: niliwauliza walionifanyia upasuaji nimewekewa kifaa gani, nikajibiwa "kizuri". Je, mgonjwa hana haki ya kupewa jina na namba? La pili ndilo kila mgonjwa hulibeba kifuani: kitadumu miaka mingapi? Nimeambiwa 10, nimeambiwa 15, na daktari mmoja akaniambia nitakufa nacho, maneno ambayo sikujua niyapokee kama faraja au vipi.

Mkongwe wa Nyonga

Ndugu yangu, pole kwa upande huo wa kushoto, na asante kwa kuingilia. Swali lako la pili lina jibu, na limetoka kwenye rejista. Mwaka 2019 watafiti walikusanya takwimu za rejista za Australia na Finland, ambazo zimefuatilia wagonjwa kwa muda mrefu wa kutosha, wakakuta kwamba nyonga bandia 58 katika kila 100 zilikuwa bado ziko mahali pake baada ya miaka 25. Kwa goti kamili ni 82, na kwa goti nusu ni 70. Hizo ni za watu waliofanyiwa upasuaji miaka mingi iliyopita, kwa vifaa vya wakati ule. Polietilini ya sasa, ile iliyoimarishwa kwa mionzi, inalika polepole zaidi, na takwimu za Australia za miaka 16 zinaonyesha kwamba marudio ya nyonga zenye plastiki hiyo ni takriban nusu ya zile zenye plastiki ya zamani.

Umri nao una neno kubwa. Takwimu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba aliyebadilishiwa kiungo akiwa na zaidi ya miaka 70 ana uwezekano wa takriban 5% tu wa kurudiwa katika maisha yake yote yaliyobaki, ilhali mwanamume wa miaka hamsini na kitu ya mwanzoni anaweza kufikia 35%. Kwa hiyo aliyekwambia utakufa nacho hakukosea kama una umri wa kutosha, ingawa angeweza kuchagua maneno.

Kuhusu jina na namba: unayo haki, na kuna sababu nzito kuliko udadisi. Mwaka 1998 Uingereza ilitangaza hatari ya nyonga iliyoitwa 3M Capital, ambayo walikuwa wamewekewa watu takriban 4,700 katika miaka ya 1990. Kuwatafuta watu hao kukawa kazi ya kupekua mafaili, hospitali moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakukuwa na orodha. Aibu ile ni mojawapo ya sababu za kuanzishwa kwa rejista yao mwaka 2003.

Daktari Mdadisi, usije ukadhani kwamba rejista ni ya kuwinda vifaa vibaya tu. Vifaa ni sehemu yenye makelele. Huko Uingereza na Wales, vifo ndani ya siku 90 baada ya kubadilishiwa nyonga vilishuka kutoka 0.56% mwaka 2003 hadi 0.29% mwaka 2011, na uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 400,000 ulihusisha vifo vichache na mambo ambayo hayana nembo ya kiwanda: ganzi ya uti wa mgongo, kuingia kwa nyuma ya nyonga, na kinga ya damu kuganda, ya mitambo na ya dawa. Waaustralia wamekwenda mbele zaidi kwa kuitumia rejista kama uti wa mgongo wa jaribio la nasibu. Hospitali 31 zilipangiwa kwa kura zianze na aspirini au enoksaparini ili kuzuia damu kuganda, na wagonjwa 9,711 wakafuatiliwa kupitia rejista hiyohiyo. Aspirini ilionekana duni: 3.45% walipata damu iliyoganda yenye dalili, dhidi ya 1.82%. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2022, kwa gharama ndogo kuliko jaribio la kawaida la ukubwa huo, kwa sababu fomu zilikuwa tayari zinajazwa na watu kama wewe.

Sista wa Theatre

Madaktari wangu, mmeongea mengi ya juu, mniruhusu nishuke chini kwenye sakafu ya chumba cha upasuaji, kwa sababu huko ndiko rejista inakofia.

Kila boksi la kifaa lina lebo kadhaa za kubandua, zenye namba ya katalogi, namba ya toleo la kiwandani na msimbo wa mistari. Nyonga moja inaweza kuwa na boksi nne au tano: kikombe, bitana ya plastiki, kichwa, shina, na pengine skrubu. Daktari akiomba kichwa cha milimita 32, nikakifungua, kisha akabadili mawazo na kuchukua cha 36, sasa nina lebo mbili mezani. Mtu mwingine akija kubandika mwishoni, wakati sakafu inapigwa deki na mgonjwa mwingine yuko mlangoni, atazibandika zote mbili au atabandika isiyo sahihi. Miaka kumi baadaye kompyuta itakuambia kwamba huyu mtu ana vichwa viwili kwenye nyonga moja. Sisi tulikubaliana lebo ibandikwe pale kifaa kinapopita mkononi mwangu kwenda kwa daktari, si kabla na si baada, na muuguzi mzungukaji, yule asiyeshika vifaa vya upasuaji, aisome kwa sauti pamoja na upande: "kulia, kichwa, thelathini na sita". Inachukua sekunde chache. Kosa la upande ndilo baya kuliko yote, kwa sababu nyonga ya kulia ikirudiwa, na fomu ya kwanza iliandikwa kushoto, marudio hayo hayatamkuta mwenzake kamwe.

Halafu kuna fomu zisizojazwa kabisa. Nilianza tabia ya kukaa na kitabu cha chumba cha upasuaji kila mwisho wa mwezi na kukilinganisha na fomu, mstari kwa mstari. Nyonga za mchana, zile zilizopangwa, karibu zote zilikuwamo. Zilizokosekana zilikuwa za usiku, za dharura, za maambukizi yanayosafishwa saa nane za usiku na daktari wa zamu ambaye hata hajui fomu inakaa droo gani. Yaani zilizoharibika ndizo zisizoandikwa. Ndugu Mhesabu atusaidie jina la kitaalamu, mimi naona tu kwamba rejista ya namna hiyo inapendeza kadiri inavyozidi kuwa pofu.

Mhesabu Pole

Sista, sina jina zuri kuliko ulilolitoa. Ni upendeleo wa ukosefu, na hakuna hesabu inayoutibu baada ya kutokea, kwa kuwa kompyuta haiwezi kukisia fomu ambayo haikuwepo. Rejista zinazoheshimika huchapisha kiwango cha ukamilifu wa nyonga za mara ya kwanza na kiwango cha marudio kando kando, kwa kulinganisha na kumbukumbu za hospitali zenyewe, na kwa kawaida cha marudio ndicho cha chini. Mimi nikipewa taarifa ya rejista yoyote huanzia hapo, hata kabla ya kutazama jina la kifaa.

Daktari Mdadisi

Nawashukuru sana. Sista, hilo la lebo kusomwa kwa sauti nimeshaliandika, na sikuona aibu kukiri mbele ya wenzangu kwamba kwetu lebo hubandikwa na yeyote aliye karibu. Ndugu Nyonga Mbili, kuanzia sasa kila mgonjwa wetu atapewa kadi yenye vifaa vyake, na tutaingiza hojaji ya Oxford kabla ya upasuaji na mwaka mmoja baadaye.

Limebaki la majina. Wenzangu wawili wamesema wazi kwamba matokeo yakibandikwa kwa majina wataacha kuwapokea wagonjwa wanene kupindukia na wale wenye kisukari kibaya. Je, tufanyeje? Na kama tungechagua swali moja tu la kuanzia, ambalo idara ndogo inaweza kulifanyia kazi bila kungoja nchi nzima, lingekuwa lipi?

Mkongwe wa Nyonga

Wenzako wamekuambia ukweli, na ni afadhali umeusikia mapema. Nchi zimegawanyika hapa. Uingereza huchapisha taarifa za daktari mmojammoja tangu mwaka 2013. Australia humpa kila daktari takwimu zake kwa siri, azione yeye. Mimi nimeona njia zote mbili na sijashawishika kwamba kuanika majina humfanya mtu kuwa fundi bora; ila nimeona daktari akiletewa bahasha yake peke yake, nafasi yake ikiwa imetiwa alama kwenye faneli, akakaa kimya siku mbili kisha akaja kuuliza wengine wanatumia saruji gani. Anzeni kwa siri, lakini kwa sharti moja: atakayevuka mstari wa juu wa faneli hachagui peke yake kunyamaza. Anakaa na wenzake wawili, mafaili yanafunguliwa, picha zinatazamwa, na jambo linaandikwa. Na mrekebishe hesabu kwa uzito, umri na hali ya afya ya mgonjwa kabla ya ganzi, ili anayepokea wagonjwa wagumu asionekane mzembe.

Swali la kuanzia ninalo. Tazameni wagonjwa wenu wa nyonga wenye zaidi ya miaka 75, muone wangapi waliwekewa shina bila saruji. Rejista za Skandinavia, za Uingereza na za Australia zimesema jambo moja kwa miaka mingi: katika umri huo, shina lisilo na saruji hurudiwa zaidi mapema, na sababu kubwa ni mfupa wa paja kuvunjika kulizunguka shina. Hata hivyo, kwa miaka mingi matumizi ya mashina hayo kwa wazee yaliongezeka katika nchi zilezile zilizokuwa zikichapisha takwimu hizo. Hapo hamhitaji kuthibitisha upya kilichothibitishwa. Mnahitaji kujua tu kama mnatenda kinachojulikana, na kwa hilo idadi yenu inatosha.

Sista wa Theatre

Naongeza neno moja tu hapo, Daktari. Mkitafuta hao waliovunjika, msitafute kwenye kurasa za marudio. Mzee aliyevunjika paja chini ya nyonga bandia, akafungwa bamba na waya bila shina kubadilishwa, katika rejista nyingi hahesabiwi kuwa ni marudio, maana hakuna kifaa kilichotolewa. Kwenye kitabu cha chumba cha upasuaji ameandikwa "kuvunjika kwa paja", chini ya timu ya ajali. Anzia huko.

Daktari Mdadisi

Nilikwenda jana jioni baada ya zamu, nikakaa na kitabu cha timu ya ajali na orodha yetu ya nyonga, nikipitia jina kwa jina kama Sista alivyosema. Wapo. Wa kwanza niliyemkuta alikuwa na miaka 81, bamba na waya, miezi mitano baada ya upasuaji wa nyonga, shina lisilo na saruji. Katika rejista yetu amehesabiwa kuwa hana tatizo lolote. Fomu yake ya kwanza nilikuwa nimeijaza mimi, kwa mwandiko wangu, na kabla ya jana sikuwa na habari kwamba alianguka.